UZI: Kinasa sauti gani cha mfukoni kwa kumrekodi bibi yangu Pangani?

Mwana-Pangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina bibi mzaa mama, anakaa Pangani ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Umri wake hakuna anayeujua sawasawa. Mwenyewe huhesabu kwa matukio, kwamba alikuwa kigori wakati mkonge unalipa. Ana ngano, ana vitendawili, ana nyimbo za wakata mkonge ambazo mama yangu anazijua nusunusu na mimi sizijui kabisa. Macho yamepungua nuru ila ulimi bado mkali.

Mwaka jana nilimrekodi kwa simu. Akasimulia saa nzima. Nilipofika Dar kusikiliza, kumbe kurekodi kulikatika dakika ya 11, pale mwenye nyumba wangu alipopiga kudai kodi. Dakika 49 zote bibi wa watu alikuwa anazungumza na simu iliyolala.

Safari hii nimepata likizo ya wiki mbili. Bajeti ni laki mbili na nusu kwa kila kitu. Kariakoo nimeonyeshwa vitu vitatu: kijiti cheusi kisicho na jina kimeandikwa GB 64, elfu 45, Sony ICD-PX470, na Zoom H1n ambayo inavuka bajeti yangu. Muuzaji kaniambia vyote kazi moja, watu wanalipia jina tu. Ni kweli?

Fundi Waya

Hicho kijiti kiache hapo hapo kilipo.

Mchezo wake ni huu. Ndani kuna chipu ya GB 4 au 8 iliyofundishwa kusema uongo kwamba ni 64. Kompyuta itaiamini, wewe utaiamini. Siku za kwanza kila kitu safi. Ukishavuka uwezo wake wa kweli, majina ya mafaili yanaendelea kuonekana lakini ndani hamna kitu, au ya jana yanaliwa na ya leo. Na utagundua ukisharudi mjini.

Memori kadi ni hivyo hivyo. Ukinunua, kabla ya safari ijaribu kwa H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama ni Linux au Mac. Programu inaijaza kadi mpaka pomoni halafu inasoma tena kila ilichoandika. Inachukua muda, wewe iache usiku ulale. Mimi nimewahi kurudisha kadi tatu duka moja, ya nne ndiyo ikawa ya kweli.

Chokoraa wa Habari

Mnamchosha kijana wa watu. Simu inatosha! Aweke hali ya ndege, hakuna mwenye nyumba atakayepiga. Mimi mahojiano yangu yote nafanya kwa simu, yanarushwa hewani na hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika.

Dada Mnukuzi

Chokoraa, mahojiano yako ni ya dakika tano na mtu aliyezoea kushikiwa maiki mdomoni. Huyu anakwenda kukaa na mzee mchana kutwa. Simu ndiyo tochi yake, ndiyo kamera yake, ndiyo M-Pesa yake, na umeme ukikatika ndiyo hiyo hiyo anaitunzia chaji. Kinasa sauti kina kazi moja tu, basi.

Halafu kuna jambo dogo. Ukiweka simu mbele ya mtu mzima anadhani unasubiri kupigiwa, kila dakika anakatisha maneno akuulize "hebu tazama, hawajakutafuta?"

Chokoraa wa Habari

Hilo la mwisho nimelikubali, mama yangu yuko vile vile 😂

Fundi Waya

Nirudi kwenye swali. PX470 inatumia betri mbili ndogo za AAA, zile za rimoti. Kwa Bweni hiyo ni sifa kubwa, maana hazikosekani dukani. Ukirekodi kwa MP3, jozi moja nzuri inakupeleka saa nyingi mno, siku kadhaa za kazi. Ina GB 4 za ndani na tundu la kuongeza kadi ndogo, na plagi ya USB inachomoza yenyewe ubavuni, huhitaji waya.

Ndugu yake ICD-UX570 ni nyembamba na maiki zake nafikiri ni bora, ila betri imefungwa ndani. Chaji ya dakika tatu inakupa kama saa moja ya kurekodi, hilo nalisifu. Lakini umeme ukikatika kutwa, umekwisha.

Zoom H1n ina maiki mbili zilizopishana juu kama mkasi, na gurudumu la kupandisha na kushusha sauti kwa kidole. Sauti yake ni safi kuliko hizo Sony zote mbili. Ubaya wake ni kwamba haina kumbukumbu ya ndani hata chembe, bila kadi ni pambo. Na bodi ni ya plastiki, ukiishika mkononi kila mguso wa kidole unasikika kama panya darini. Hiyo inataka kusimamishwa kwenye kistendi.

Kwa laki mbili na nusu, PX470, kadi ya kweli ya GB 16, na hedifoni za waya.

Babu Tepu

Vijana, shikamooni mlionizidi, wengine marahaba.

Mimi nilianza kazi ya redio enzi za Uher, mashine ya Kijerumani ya tepu za reli, unaitundika begani kilo kama tatu, jioni bega moja liko chini ya jingine. Nimezika nyingi: Uher, kaseti, minidiski. Mleta uzi, nikuambie ukweli, ungeniuliza ununue ipi kati ya hizo mbili za majina ningekwambia yoyote. Uliza utaiweka wapi.

Mdomo wa mtu na maiki ni kama moto na mtu anayeota. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka mdomoni inashuka desibeli sita. Ila kelele ya feni haishuki, mwangwi wa ukuta haushuki. Kwa hiyo unachokisikia ni bibi anazama kwenye chumba. Kifaa cha shilingi milioni kilichowekwa mezani mita mbili kitashindwa na Sony yako ikiwa shubiri mbili kutoka kifuani pa bibi. Shubiri mbili, si nne. Na usiielekeze mdomoni sawasawa, iweke pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kama mlango.

Usiiweke juu ya meza tupu. Meza ni ngoma, mtu akiweka kikombe unasikia bomu. Kunja kanga mara nne, laza kinasa juu yake.

Chumba. Ukifika, kaa kimya dakika nzima umefumba macho. Utasikia vitu ambavyo ubongo wako umezoea kuvificha: jokofu, feni, redio ya jirani, jogoo. Maiki haina ubongo, inachukua vyote. Jokofu lizime, na ufunguo wa gari au wa nyumba uutie ndani ya jokofu, hutasahau kuliwasha ukiondoka. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko sebule ya sakafu ya saruji na viti vya plastiki. Paa la makuti ni rafiki yako. Paa la bati mvua ikianza, funga kazi, kunywa chai. Chini ya mwembe ni pazuri kwa macho, lakini upepo wa pwani ukipuliza kwenye maiki unakuwa ngurumo, na ngurumo hiyo haitoki hata ukienda kwa mganga. Ukilazimika kukaa nje, ivishe sponji au soksi nene safi. Ndani ya menyu kuna kichujio cha kukata sauti nzito za chini, kiwashe ukiwa nje.

Simu yako isikae karibu na kinasa. Ile "dzz-dzz-dzz" kabla ya meseji kuingia inaingia kwenye rekodi moja kwa moja. Hali ya ndege, na iende chumba kingine.

Sasa mkono wako. Wengi wanapoteza kazi hapa, si kwenye maiki.

Kwanza betri. Faili hufungwa unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Ukichomoa betri wakati taa nyekundu inawaka, faili linaweza kubaki na jina tu, ndani patupu. Simamisha, subiri kioo kitulie, ndipo ubadilishe.

Pili, kuna swichi ya HOLD. Ukishaanza kurekodi, isukume. Mjukuu mdogo atakuja kukichezea, na atabonyeza.

Tatu, usijifanye mhandisi wa kuzima na kuwasha. Mzee akinyamaza usizime. Ukimya wake ni kutafuta neno, na neno linalokuja baada ya ukimya ndilo ulilolifuata Pangani. Ukizima atajiona amemaliza. Acha iende hata akiamka kwenda kuchungulia chungu jikoni. Kadi ni rahisi, bibi si rahisi.

Nne, kila unapoanza, sema kwa sauti yako tarehe, mahali na jina la anayezungumza. Miaka kumi ijayo utanishukuru. Na saa ya kifaa irekebishe kabla ya kusafiri, nyingi zinasahau tarehe betri zikitoka.

Tano, kila usiku nakala tatu. Kompyuta, flashi, na moja isiyolala nyumba moja na hizo mbili.

Nimechoka, macho haya.

Mwana-Pangani

Babu Tepu, marahaba haiwezi kutoka kwangu kuja kwako, shikamoo. Nimeichapa hiyo kwenye karatasi.

Ila ya ufunguo ndani ya jokofu nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mvuvi wa Likoni

Mimi niko Mombasa, narekodi wazee wa mashairi. Nataka kumuongeza jambo moja kuhusu maiki ya kubana kwenye nguo, manake watanunua wengi hapa na watalia.

Maiki nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya simu. Tazama plagi yake: hesabu pete nyeusi. Pete tatu ni ya simu, pete mbili ni ya kinasa sauti. Ukiichomeka ya pete tatu kwenye Sony utapata ukimya mtupu au mkwaruzo, na utadhani kinasa ni kibovu. Kuna kiungo cha kubadilisha, si ghali, lakini uwe umekinunua kabla hujavuka feri.

Na kwa bibi mwenye kanga, ile maiki itasugua nguo kila akipumua. Kwake yeye mimi ningeiacha.

Mwana-Pangani

Nimeiacha basi, bajeti imepumua. Swali jingine: kwenye menyu kuna MP3 za aina nyingi na kuna LPCM. Halafu kuna kitu wanaita VOR, kwamba kinarekodi mtu akizungumza tu na kusimama akinyamaza. Inaonekana nzuri kwa kutunza nafasi.

Dada Mnukuzi

VOR IZIME. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Kazi yangu ni unukuzi, natafsiri sauti kuwa maandishi mchana kutwa, na nawatambua watu wa VOR sentensi ya kwanza. Kifaa kinasubiri kisikie sauti ndipo kiamke, kwa hiyo silabi ya kwanza haimo. Kwa Kiswahili hiyo ni balaa kuliko lugha nyingi, kwa sababu sisi mambo yetu tumeyapanga mbele ya neno. "Sikumwona" ikikatwa kichwa inakuwa "kumwona". "Hatukulipwa" inakuwa "tukulipwa" au "kulipwa". Ukanushi wote umeanguka! Nimewahi kunukuu mzee akikiri jambo ambalo alikuwa analikana. Niliokolewa na mwenye rekodi aliyekuwepo.

Kuhusu MP3 na LPCM. LPCM haibanwi, saa moja ya stereo kwa kiwango cha CD ni karibu megabaiti 635. MP3 ya kilobiti 192 ni kama megabaiti 86 kwa saa, ya 128 ni kama 58. Kwenye GB 4 za ndani za hiyo Sony utapata saa tano na kidogo za LPCM, au karibu saa 40 za MP3 192. Kwa mazungumzo matupu, 192 inanitosha kabisa, sijawahi kushindwa neno kwa sababu yake. Zile za chini sana, zilizoandikwa saa mamia kwa mamia, zinakula "s" na "f" na "sh", utabaki kukisia.

Babu Tepu

Dada Mnukuzi yuko sawa kwa mazungumzo. Lakini kuna nyimbo. Kwa nyimbo mimi ni LPCM, na kadi anayo. Kilichobanwa hakirudi.

Dada Mnukuzi

Nakubali kwa nyimbo.

Nikiongeza: andika kwenye daftari unaporekodi. Si maneno yote, saa tu na mada. "Saa 3:10, hadithi ya sungura na pweza." Bila hivyo utarudi na saa 40 za sauti na hutazisikiliza. Nasema kwa uzoefu, saa moja ya mzee anayeongea kwa lafudhi yake inanichukua siku nzima kuinukuu vizuri. Mashine za kugeuza sauti kuwa maandishi kama Whisper zinajaribu Kiswahili, na kwa mtangazaji wa habari zinakwenda. Bibi akianza kuchanganya Kizigua ndani yake zitaandika upuuzi kwa kujiamini sana. Mimi natumia ELAN, programu ya unukuzi, ni ya bure, unaona wimbi la sauti juu na maandishi chini, kila sentensi na dakika yake.

Kibatari

Wakuu, hivi kinaweza kukaa mfukoni mwa shati kikarekodi bila mtu kujua? Kuna bosi mmoja hapa kazini nataka nimnase.

Fundi Waya

Mfukoni utanasa kitambaa.

Mvuvi wa Likoni

Kibatari, ndugu yangu, fungua uzi wako na uanze na wakili. Sauti ya mtu ni taarifa yake. Huko kwenu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Huku kwetu Kenya tuna ya 2019.

Hata kwa bibi naomba mleta uzi asilichukulie jambo hili kifamilia. Mwulize, mwambie itakwenda wapi, na akubali kwa maneno yake mwanzo wa rekodi ya kwanza. Wazee wangu wa mashairi wapo waliokubali kurekodiwa lakini si kuwekwa mtandaoni.

Mwana-Pangani

Nimeuliza kwa simu. Kasema "njoo na sukari." Nachukulia kakubali.

...

Mwana-Pangani

Wakuu nipo Bweni, siku ya tano. Mtandao unapatikana ukisimama karibu na kivuko tu kwa hiyo nitaandika yote kwa mkupuo.

Nilinunua PX470. Kadi ya kwanza ilifeli H2testw ikiwa haijafika hata robo. Ya pili imepita. Fundi Waya, nina deni la soda.

Siku ya kwanza niliweka kinasa juu ya kanga kama nilivyoelekezwa, shubiri mbili. Bibi akakitazama, akakikata jicho, akaanza kuzungumza kama anahutubia bunge. "Mimi... nilizaliwa... hapa... Bweni." Nusu saa ya hivyo. Sikuzima. Baadaye akamwona kuku anaingia ndani, akamtukana yule kuku kwa sentensi ambayo siwezi kuiandika hapa, na kuanzia hapo ndipo alipoanza kuzungumza kwa sauti yake. Kitendawili cha kwanza kilikuja dakika tatu baada ya kuku.

Jioni nikamwekea hedifoni asikie. Akasikiliza, akauliza, "Huyo nani? Mbona kama marehemu dada yangu?" Nikamwambia ni wewe. Akakataa katakata. Mpaka leo anasema kifaa kimemwekea sauti ya mtu mwingine.

Babu Tepu

Kila mtu hukataa. Sauti yako mwenyewe unaisikia kwa masikio na pia kupitia mifupa ya kichwa, na mfupa unaongeza uzito. Kinasa kinachukua ile ya hewani tu, wanayoisikia wengine. Mimi mara ya kwanza kujisikia hewani nilitaka kuacha kazi. Na sauti za ndugu wa tumbo moja hufanana, huenda kweli ndivyo dada yake alivyosikika.

Mwana-Pangani

Babu, hilo nimemwambia kama ulivyoliandika. Alinyamaza kidogo. Kisha akaomba asikie tena.

...

Mwana-Pangani

Wakuu nimerudi, nina tatizo na si la kifaa.

Jana asubuhi tulianza mapema. Nikaweka HOLD, nikaacha iende kama Babu alivyosema. Bibi akataka samaki, nikatoka kwenda kuwapokea wavuvi, nikachelewa. Kinasa kiko pale pale juu ya kanga kinaendelea. Huku nyuma akaja shoga yake wa siku nyingi, wakakaa, na kumbe mazungumzo yakawafikisha kwenye unyago. Wakaanza kuimba. Bibi alikuwa kungwi enzi zake, sikuwa najua.

Nilirudi nikamkuta yule bi mkubwa anaaga, sikushtuka. Usiku nikafanya nakala tatu kama kawaida: laptopu, flashi, na moja nikaipandisha Google Drive hapa kivukoni. Leo asubuhi bibi ndiyo anakumbuka. Ananiuliza, "Kile kidude kilikuwa macho?" Nikamwambia ndiyo. Alikaa kimya mpaka nikaogopa. Akasema zile si za wanaume kusikia, na shoga yake hajui kama alikuwa anarekodiwa. Anataka zitoke zote. Lakini kabla ya hapo, katika saa hizo hizo, aliimba peke yake wimbo wa mkonge ambao nimemwomba siku tano, na huo anataka ubaki.

Sijasikiliza hata sekunde. Nifanyeje?

Chokoraa wa Habari

Mkuu hiyo ni hazina! Bi Kidude alikuwa anapiga unyago jukwaani, mbele ya wanaume, Ulaya na kila mahali. Ficha nakala moja, itakuja kusaidia watafiti.

Dada Mnukuzi

Bi Kidude alichagua jukwaa lake mwenyewe. Huyu naye amechagua. Na wa pili hakuulizwa kabisa.

Mleta uzi, daftari lako linasemaje? Ulitoka saa ngapi, ulirudi saa ngapi?

Mwana-Pangani

Daftari: nimetoka saa 3:40, nimerudi saa 4:55. Jina la faili linaonyesha lilianza 08:52.

Dada Mnukuzi

Angalia hapo usijichanganye, daftari lako ni saa za kwetu na kinasa ni saa za kizungu. Faili lilianza saa 2:52 asubuhi. Ulitoka dakika ya 48, ulirudi dakika ya 123. Sehemu yote ya hatari iko kati ya hizo, na wimbo wa mkonge uko humo humo mahali fulani.

Ungekuwa hutaki kitu humo ndani ningekwambia fungua Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, andika muda wa kuanzia na wa kumalizia kwenye viboksi vya chini, futa, hifadhi upya, wala hakuna anayehitaji kusikiliza. Kwa kuwa wimbo unatakiwa, lazima mtu asikilize, na mtu huyo si wewe. Una dada, una shangazi, yeyote aliyechezwa unyago? Mpe hedifoni wewe toka nje.

Mwana-Pangani

Binamu yangu Mwanahamisi yupo, ameolewa hapa hapa. Nitamwita.

Babu Tepu

Kijana, nakala tatu na "usizime" vilitoka kwangu. Sikusema kwamba ukitoka nje ya chumba kinasa utoke nacho. Ningepaswa kusema. Enzi za Uher isingetokea, tepu iliisha yenyewe.

Nenda kwa yule shoga pia. Umwambie wewe, asije akasikia kwa bibi.

Fundi Waya

Kufuta kwenyewe sasa. Ukibonyeza futa, kifaa kinafuta jina tu kwenye orodha, sauti bado imelala mle ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anaitoa. Kwa hiyo:

Drive, futa halafu ingia kwenye pipa la taka ufute tena, la sivyo inakaa siku 30. Flashi, hamisha vingine, ifomati, ijaze na chochote mpaka ikatae, halafu ifomati tena. H2testw itakujazia vizuri. Laptopu, futa, mwaga pipa, kisha ujaze nafasi iliyobaki. Faili la mradi la Audacity pia lifute, watu husahau, lile lina sauti nzima ndani hata uliyoikata. Kadi ya kinasa, hamisha rekodi nyingine zote, hakikisha zinafunguka, halafu kadi yenyewe ivunje. Ni elfu kumi na kitu tu.

Mwana-Pangani

Nimetoka kwa bi mkubwa. Alicheka sana, akaniuliza kama nimejifunza chochote. Nikamwambia sijasikiliza. Akasema afadhali, maana nisingelala. Ila naye kasema zitoke.

Drive na flashi tayari. Mwanahamisi yuko ndani na hedifoni tangu saa nane, mimi nimekaa huku barazani. Mara anacheka, mara kimya. Nimemuuliza kwa mlangoni kama ameupata wimbo wa mkonge, kanijibu "subiri kwanza."

Kadi nilimpelekea bibi aivunje mwenyewe kwa koleo, aone kwa macho yake. Akaipapasa, akauliza, "Yote yamo humu? Na ya juzi, na ya kuku?" Nikamwambia yamo, ila hayo mengine ninayo kwingine. Hakuivunja. Ameifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela zake na hataki kunirudishia.

Fundi Waya

Basi nunua nyingine. Na hiyo nayo ijaribu kwanza.